Hoteli ya Katikati ya Mji na Mgeni Aliyetarajiwa

Tangazo la hoteli ya mjini huanza na mahali ilipo. Kabla ya kutaja vitanda, staftahi au bei, humhakikishia msafiri kwamba kutoka mlangoni hadi stesheni ni mwendo wa dakika chache, maduka yako ng'ambo ya barabara, na safari ya uwanja wa ndege haifiki nusu saa. Anayepanga likizo huyasoma maneno hayo na kuyaamini bila swali, kana kwamba mahali ni jambo la maumbile na hoteli ilibahatika kuangukia pazuri. Nairobi inatufundisha vingine. Mji huu ulizaliwa mwaka 1899, na hoteli zake za kwanza zilisimama wakati mji wenyewe ulikuwa mabati, mahema na matope, kwa hiyo tunaweza kufuatilia jinsi kona moja ilivyofanywa kuwa ya karibu na nyingine ikafanywa kuwa ya mbali. Hoja yangu ni kwamba ukaribu wa hoteli huanzia kwa mgeni ambaye watawala na wafanyabiashara wa mji walimtarajia. Ramani hufuata baadaye. Mgeni huyo husogezewa barabara, usafiri, polisi na maduka mpaka mahali anapolala paonekane pako katikati ya kila kitu. Asiyetarajiwa anaweza kulala mita 500 kutoka hapo na bado akawa mbali.

Tuanze na reli, maana bila reli hakuna Nairobi. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na miaka mitatu baadaye njia ya chuma ikafika kwenye uwanda wa majimaji ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi, kilomita 530 hivi kutoka pwani. Waliopachagua walikuwa wahandisi. Walitaka uwanja tambarare wa kupanga mabehewa na kujenga karakana kabla ya kuukabili mpando mkali wa kuelekea Bonde la Ufa. Hakuna aliyefikiria kama mgeni angelala vizuri hapo, na kweli ardhi ile ilijaa maji kila mvua ilipozidi, na maradhi yakafuata. Lakini John Ainsworth aliyahamisha makao yake ya utawala kutoka Machakos mwaka huohuo wa 1899, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakaondoka Mombasa kuja Nairobi. Tangu hapo kila treni ilimwaga abiria ambao hawakuwa na jamaa mjini. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la kulia chakula. Abiria waliteremka vituoni kama Voi wakala, wakapanda tena, wakafika Nairobi wamevaa vumbi jekundu kuanzia kofia hadi viatu. Walihitaji maji, chakula na kitanda, na waliokuwa na fedha walihitaji vitu hivyo mara moja.

Mayence Bent alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulielewa hitaji hilo. Mwaka 1902 alianza kupokea wageni juu ya duka katika Victoria Street, barabara ambayo leo inaitwa Tom Mboya Street. Moto wa mwaka 1905 ukamhamisha, na hatimaye mwaka 1913 New Stanley ikafunguliwa pale ambapo sasa Kimathi Street inakutana na Kenyatta Avenue. Wakati huo Norfolk ilikuwa imekwisha kufunguliwa, siku ya Krismasi ya mwaka 1904, na mahali pake panastahili kutazamwa kwa makini. Kwa mtu aliyeshuka kwenye treni na mizigo, Norfolk haikuwa karibu hata kidogo. Barabara ya Government Road, ambayo siku hizi ni Moi Avenue, ilitoka stesheni ikanyooka kuelekea kaskazini, na hoteli ikajengwa upande wa mwisho wake, kilomita 2 hivi kutoka behewani. Kilichoufuta umbali huo ni riksho, na riksho zilikokotwa na wanaume Waafrika. Mgeni alikaa, mwenzake akavuta, na kwa hesabu ya mgeni hoteli ikawa iko jirani. Sioni mfano bora kuliko huo wa jinsi urahisi wa mahali unavyotengenezwa. Umbali ulibaki uleule, ila ulihamishiwa kwenye miguu ya mtu mwingine.

Kwa nini basi mwisho ule wa barabara na si karibu na reli? Kwa sababu mgeni aliyetarajiwa alitaka kuwa mbali na baadhi ya mambo kama alivyotaka kuwa karibu na mengine. Chini, kando ya reli, kulikuwa na moshi, karakana, makambi ya vibarua na soko la Wahindi, soko ambalo maofisa walilichoma moto mwaka 1902 wakitaja tauni. Juu kulikuwa na hewa, nafasi na jamaa za aina yake. Walowezi walishukia Norfolk wakisubiri kugawiwa mashamba, na wenye vyeo vya kikabaila wakawa wengi kiasi kwamba hoteli ilipewa lakabu ya bunge la mabwana wa Uingereza. Wawindaji nao wakafuata. Theodore Roosevelt alipokuja mwaka 1909, msafara wake ulioandaliwa na kampuni ya Newland na Tarlton ulikuwa na mamia ya wapagazi, na biashara ya kuwahudumia wageni wa namna hiyo ndiyo iliyoijengea Nairobi jina ulimwenguni. Msafara mmoja ulikuwa na mgeni mmoja hadi watatu wa kulala hotelini, na mamia ya watu waliolala kwingine ili yeye aweze kusafiri. Vitabu vya historia ya utalii huhesabu tembo waliouawa na chupa zilizofunguliwa, lakini mahali walipolala wapagazi hapatajwi, ingawa bila wao hakuna hata sanduku moja ambalo lingeondoka kwenye varanda.

Ukaribu mwingine wa Norfolk ulidhihirika Machi 1922. Harry Thuku, karani wa simu aliyegeuka kuwa kiongozi wa wafanyakazi dhidi ya kodi, kipande (kitambulisho cha lazima) na kazi ya kulazimishwa kwa wanawake, alikamatwa tarehe 14 na kuwekwa kwenye kituo cha polisi kilichokuwa hatua chache kutoka hoteli. Watu wakakusanyika, na tarehe 16 umati ulikuwa wa maelfu. Wanaume walipoanza kusitasita, Muthoni Nyanjiru aliwakemea kwa kitendo ambacho kwa desturi ya Wakikuyu ni aibu kuu kwa mwanamume kukishuhudia, na umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Waliokuwapo walisimulia kwamba walowezi waliokuwa wameketi kwenye varanda ya Norfolk nao walipiga. Serikali ilikubali kwamba watu zaidi ya 20 walikufa. Waliohesabu maiti wenyewe walitaja idadi kubwa zaidi, na Muthoni alikuwa mmoja wa waliouawa. Yeyote anayetaka kujua maana ya hoteli kuwa mahali pazuri katika Nairobi ya wakati huo aitafakari picha hiyo: varanda inayotazama barabara, viti vya starehe, na kituo cha polisi jirani. Vyote vitatu vilipangwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hoteli ingalipo, na barabara inayopita mbele yake sasa ina jina la Harry Thuku.

New Stanley ilikuwa na werevu wa aina nyingine. Kuhama kutoka upande wa Victoria Street kwenda upande wa magharibi wa Government Road kulikuwa ni kuvuka mstari ambao ulikuwa ndiyo kwanza unachorwa. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa kuchunguza miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza makazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika yatenganishwe, na ingawa mapendekezo ya namna hiyo hayakutekelezwa yote kwa ukamilifu, mji ulikua kwa kuyafuata. Upande wa New Stanley ukapata benki, maduka ya nguo, ofisi za mawakili na barabara pana ambayo baadaye iliitwa Delamere Avenue, na sanamu ya Delamere mwenyewe ikawekwa ng'ambo ya hoteli. Mgahawa wa hoteli ulijulikana kwa mti wa mgunga uliokuwa katikati yake, ambako wasafiri walibandika vikaratasi vya kuachiana habari: nani ameondoka kwenda Arusha, nani ana nafasi kwenye gari la kwenda Kampala. Mti huo ulikuwa posta ya watu wanaopita. Habari ni sehemu ya ukaribu, na aliyeruhusiwa kukaa chini ya mgunga ule alikuwa karibu na Afrika Mashariki nzima.

Na wengine walilala wapi? Wahindi walijitegemea kupitia jumuiya zao. Misikiti, mahekalu na majumba ya jamaa yalikuwa na vyumba vya wasafiri, na mfano ulio hai hadi leo ni hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kwenye njia ya reli kati ya Mombasa na Nairobi, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila malipo. Mwafrika alienda Pangani, na baada ya mwanzo wa miaka ya 1920 akaenda pia Pumwani, mtaa ambao serikali ilimtengea rasmi. Nyumba ya Pumwani inafahamika na kila aliyewahi kuingia Majengo: mlango wa mbele unafungua ukumbi mrefu, vyumba vimepangwa kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi kuna ua wenye jiko, mtungi wa maji na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele, au hukaa barazani akiwaona wote wanaoingia na kutoka. Vyumba vingine hupangishwa. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, wengi wao Waislamu, waliojijengea kwa fedha yao wenyewe katika mji uliowaona kama wapitanjia. Mgeni aliyetoka Murang'a, Kisumu au Machakos alikuta huko kitanda, maji ya kuoga, chai, na zaidi ya yote mtu wa kumwambia mahali kazi inapopatikana na njia ya kumkwepa askari. Hiyo ilikuwa hoteli kamili. Iliyokosekana ni ishara mlangoni na neno zuri kwenye ramani ya wasafiri.

Nyumba ile haikubuniwa Nairobi. Ilipanda reli kutoka pwani, na pamoja nayo ikapanda desturi ya kale ya kumpokea mgeni. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza kwamba meli ikitia nanga Mogadishu vijana wa mji waliiendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia nyumba ya mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia. Aliyekwisha kuuzoea mji na kuwajua watu wake ndiye aliyekuwa huru kushukia apendako. Katika nyumba za mawe za Lamu desturi hiyo ilipata chumba chake, sabule, ambacho mgeni alikifikia kutoka dakani bila kupita ndani kwa wenyewe. Akakaa humo hata miezi, akisubiri kaskazi igeuke kuwa kusi. Mahali pazuri pa kulala palikuwa kwa mtu mzuri. Mwenyeji mwenye jina alikuwa sokoni, bandarini na kwa kadhi kwa wakati mmoja, na mgeni wake alikuwa karibu na vyote hivyo hata kama nyumba ilikuwa mwisho wa kichochoro.

Kuna watakaosema kwamba Mwafrika wa enzi za ukoloni hakuhitaji hoteli, kwa kuwa alikuwa na ndugu, na ndugu hamlipishi ndugu. Maelezo hayo yametumika mara nyingi kueleza kwa nini miji yetu ilikuwa na vitanda vichache kwa wenyeji wake, na yana chembe ya ukweli, maana wengi walilala kwa jamaa na wanalala kwa jamaa hata leo. Lakini yanashindwa kueleza Pumwani. Wanawake wale hawangejenga chumba juu ya chumba kama hakukuwa na walipaji. Wala hayaielezi Mogadishu ya Ibn Battuta, ambako ukarimu na udalali vilikuwa kitu kimoja. Ukarimu wa pwani haukuwahi kuwa adui wa malipo, ila malipo yalipitia mlango mwingine. Kudai kwamba Mwafrika hakuhitaji hoteli ni kuchukua matokeo ya katazo na kuyaita tabia ya watu.

Pingamizi zito zaidi ni la biashara. Hoteli, litasema, hujengwa palipo na wateja wenye fedha. Wazungu walikuwa na fedha, kwa hiyo hoteli zikawafuata, na hakuna haja ya kutafuta njama. Nakubali kwamba Bent hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwanamke hodari aliyeona nafasi akaitumia. Hata hivyo, soko lililomtajirisha lilikuwa limezungushiwa ua. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji iliyopitishwa mwaka 1915, na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika abebe kipande shingoni ndani ya kikasha cha chuma, na asiyeweza kuonyesha mwajiri aliweza kukamatwa kama mzururaji. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mtalii katika nchi yake. Likizo inahitaji haki ya kuwa mahali bila kazi, na hiyo hasa ndiyo haki aliyonyimwa. Isitoshe, ubaguzi wa rangi mahotelini ulidumu hadi nusu ya pili ya miaka ya 1950. Daktari, mwalimu au tajiri Mwafrika aliyeweza kulipa chumba cha New Stanley alikataliwa kwa rangi yake, fedha ikiwa mkononi. Biashara iliyojali fedha peke yake ingeipokea.

Uhuru ulifungua milango. Sanamu ya Delamere iliondolewa, barabara zikabadilishwa majina, na mwaka 1965 serikali ikaunda shirika la kuendeleza utalii, ambalo liliingia ubia na kampuni za kigeni. Mwaka 1969 Hilton ikafunguliwa, mnara wake wa duara ukionekana kutoka kila upande, na Inter-Continental nayo ikafunguliwa kipindi hichohicho. Mwaka 1973 jumba la mikutano la KICC lilipowapokea wajumbe wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, vitanda vya kuwalaza vilikuwa karibu. Nchi changa ilihitaji fedha za kigeni, na sitawalaumu waliozitafuta. Lakini tutazame ni mgeni gani aliyekusudiwa. Alikuwa mtu wa usiku mmoja au mbili: anatua Embakasi, analala mjini, asubuhi anapelekwa kwenye Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 kilomita 7 hivi kutoka katikati ya mji, anamwona simba na kurudi kula chakula cha mchana, kisha anaondoka kwenda Amboseli au Maasai Mara. Kwa ratiba hiyo Hilton ilikuwa mahali pazuri kupita kiasi. Basi la watalii liliegesha mlangoni, benki ilikuwa upande wa pili, na vinyago viliuzwa kona ya karibu.

Kwa wananchi, Hilton ilikuwa mahali pazuri kwa namna nyingine kabisa. Walikutania nje yake. Vizazi viwili vya wakazi wa Nairobi vimepeana miadi chini ya mnara ule, wengi wao bila kukanyaga ngazi zake hata mara moja. Mabasi ya mjini yalisimama Kencom, kando tu, na ng'ambo ya barabara hoteli ya Ambassadeur ikawa jina la steji. Makanga waliliita jina hilo maelfu ya mara kwa siku na abiria wakaliitikia bila kufikiria kitanda. Hapo pana ushahidi mzuri wa hoja yangu. Mahali ni palepale, na watu wawili wanasimama umbali wa mita kumi: mmoja amelipia ukaribu huo, mwingine anautumia kwa kupanda matatu kurudi Kayole.

Vuka Moi Avenue kuelekea mashariki, nenda Tom Mboya Street, Latema, Accra Road, River Road. Hapa ndipo Bent alipoanzia, na hapa ndipo mgeni wa ndani alipojengewa vitanda baada ya uhuru. Lojingi ya River Road huingiwa kwa ngazi nyembamba iliyobanwa kati ya maduka mawili. Juu kuna mhudumu nyuma ya wavu wa chuma, na daftari lenye safu za jina, namba ya kitambulisho, utokako na uendako. Unalipa kabla ya kuonyeshwa chumba. Unapewa taulo, kipande cha sabuni na ndala zilizokatwa pembe ili asiondoke nazo mtu. Chini yake kuna ofisi ya tiketi za basi, na basi lenyewe linanguruma barabarani. Kwa mtu aliyetoka Busia kufuata bidhaa Kamukunji na Gikomba, kwa mzazi anayempeleka mwana uwanja wa ndege, kwa mgonjwa mwenye miadi hospitali ya Kenyatta kesho asubuhi, hakuna hoteli Nairobi iliyo mahali pazuri kuliko hii. Anashuka, analala, anashughulika, anapanda basi bila gharama ya teksi. Meja Mwangi alipoipa riwaya yake ya mwaka 1976 jina la barabara hii, hakuhitaji kumweleza msomaji wa Nairobi kwamba ni ulimwengu wa watu wengine.

Mtu mwenye busara atasema hapa kwamba siku hizi tofauti ni bei tu. Mwenye fedha atalala Kimathi Street, asiye nazo atalala Accra Road, na rangi haimo. Ni kweli, na ni maendeleo makubwa ambayo waliokataliwa mlangoni miaka ya 1950 wangeyashangilia. Lakini bei nayo ina historia. Taa za barabarani, usafi, mitaro na doria ya polisi vilianza upande mmoja wa Moi Avenue na vikachelewa kuvuka. Vitabu vya kuwaongoza watalii viliwaonya wageni kwa miaka mingi wasitembee River Road usiku, na onyo hilo lilishusha thamani ya kila chumba cha mtaa huo. Kisha angalia maana ya likizo yenyewe. Desemba, Nairobi huhama: nauli hupanda, mabasi hujaa, watu huenda ushago kuwaona wazazi au huenda Mombasa kuona bahari. Mwananchi hakuwahi kualikwa kuja Nairobi kupumzika. Alialikwa kuja kufanya kazi, kutibiwa, kufuata karatasi ofisini, na hoteli za upande wake zikajengwa kwa shughuli hizo. Familia kutoka Kakamega inayotaka kuwaonyesha watoto jumba la makumbusho, simba na uwanja wa ndege kwa siku tatu hukuta chumba cha bei ya watalii upande mmoja na chumba cha mtu mmoja anayesubiri basi upande wa pili. Chumba cha familia hiyo, safi na cha bei ya kadiri, kwa sehemu kubwa hakikujengwa katikati ya mji, na kukosekana kwake ni matokeo ya miaka yote niliyoisimulia.

Ushahidi wa mwisho umetolewa na Hilton yenyewe. Haikusogea hata hatua moja, lakini ukaribu wake uliihama. Bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 213 mjini Nairobi, wengi wakiwa wapita njia na wafanyakazi wa majengo ya Haile Selassie Avenue na Moi Avenue, na baada yake balozi na mashirika yakaona hatari katika msongamano ambao hapo awali yaliuona kuwa uhai wa mji. Ofisi zikahamia Upper Hill na Westlands. Treni ya Madaraka Express ilipoanza safari mwaka 2017, abiria wa Mombasa waliteremshwa Syokimau badala ya stesheni ya kale. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 humchukua mgeni kutoka uwanja wa ndege na kumshusha Westlands bila yeye kugusa katikati ya mji. Inter-Continental ilifunga mwaka 2020, na Hilton ikafunga mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya miaka 53. Mgeni aliyetarajiwa alisogezewa mji mwingine, kama riksho ilivyomsogezea Norfolk. Mjenzi wa barabara hiyo anaweza kuwa hakuwaza hoteli hata kidogo, na bado ameamua ni zipi zitakazojitangaza kuwa ziko mahali pazuri kwa miaka 30 ijayo.

Ndiyo maana mjadala wa kuhamisha mabasi ya masafa marefu nje ya katikati ya Nairobi haupaswi kuachiwa wahandisi wa msongamano peke yao. Kaunti imejaribu zaidi ya mara moja, na waliojitokeza kupinga wamekuwa hasa wenye magari na wenye maduka. Abiria anayeshuka alfajiri kutoka Lodwar au Mandera hana chama cha kumsemea. Basi likipelekwa pembezoni, lojingi ya Accra Road itakuwa mbali naye siku hiyohiyo, ingawa ngazi zake zitakuwa palepale, naye ataongezewa nauli ya matatu mbili na saa nzima njiani akiwa na mizigo na watoto. Kila mpango wa steji mpya ungestahili kuonyesha, pamoja na nafasi za kuegesha, vyumba vingapi vitakuwapo kwa kutembea kutoka hapo, vya bei gani, na kama barabara ya kuvifikia ina taa.